Vidole Kumi, Shibiri Moja

Baba hakuwahi kumiliki futi kamba. Alifanya useremala miaka arobaini na kitu, akatengeneza milango, vitanda, makabati na madawati ya shule nzima, na chombo chake cha kupimia kilikuwa mkono wake wa kulia. Aliulaza juu ya ubao, akautanua, akautembeza hatua kwa hatua, akachora mstari kwa penseli, akakata. Mtaani walimwita Fundi Shibiri. Mafundi wenzake walimcheka hadi siku ya kupachika milango, ambapo ya kwao iligoma na ya kwake ikaingia.

Mimi ni binti yake, tena wa pekee. Nianze kwa kusema kwamba nilichokiharibu nilikiharibu mwenyewe, ili mtu asianze kunihurumia kabla hajajua nilifanya nini.

Macho yake yalipoingia ukungu aliacha kazi. Akawa mtu wa kushinda barazani na redio yake ndogo, akibishana na watangazaji. Lakini watu hawakuacha kuja. Huyu mlango wake unakwaruza sakafu, yule bomba lake linadondosha, mwingine kiti chake kinacheza kila mgeni akikikalia. Baba aliwaeleza cha kufanya, wakaitikia ndiyo ndiyo, wakafika nyumbani wamesahau nusu, kesho yake wakarudi. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaniuliza kama si mimi ninayeshinda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Nikasema ni mimi. Akasema basi tuandike kitabu, kila mtu ajifanyie mwenyewe nyumbani kwake, na yeye aachwe asikilize redio.

Nilidhani anatania. Jumamosi iliyofuata nikamkuta amevaa shati la kutokea, amekaa wima, ananisubiri na daftari.

Hakujua kusoma wala kuandika, lakini kusema alijua. Tulifanya kazi hiyo kila mwisho wa juma kwa miezi minane, yeye anasema, mimi naandika. Alianza kila sura kwa kumtukana kidogo msomaji. "Andika hivi: usigonge msumari kama una ugomvi nao." "Andika: mlango unaokwaruza haujaoza, ni bawaba imelegea, na wewe umekaa miezi sita unauinua kwa bega kama mzigo." Kwenye sura ya bomba alisema mtu afunge kwanza maji ya nyumba nzima, na asiyejua yanafungwa wapi aweke kitabu chini akatafute, asiendelee hata mstari mmoja. Mimi mdomo wangu ni mkali, nimerithi kwake, kwa hiyo tulibishana sana. Nilimwambia wasomaji watakasirika. Akasema waliokasirika hukaza skrubu vizuri zaidi.

Zile Jumamosi ndizo siku nilizompenda kuliko siku zote za maisha yangu, na sikumwambia.

Sura ya mwisho ilikuwa ya kigoda. Kigoda cha miguu minne na mbao nne nyembamba chini za kuikaza isitanuke. Hapo utani ulimwisha. Alinieleza polepole, akanirudisha nyuma mara tatu, akataka nimsomee kila sentensi. Matundu ya miguu kwenye kikalio yaachane vidole kumi. Ubao wa kukaza uwe shibiri moja. Kisha akazima redio, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Nataka mtu ambaye sijawahi kumwona akitengeneze hiki kwa maneno yangu tu. Akilete hapa nikishike. Kikikaa sawa, nitajua kazi yangu itabaki hata mimi nikiondoka."

Nikamuuliza kama macho ndiyo yanayomtia huzuni. Akasema macho si kitu. Alichokuwa anaogopa ni kwamba kila alichokijua kilikuwa mkononi mwake, na mkono haurithishwi. Akataka iandikwe kwenye ukurasa wa mwisho kwamba atakayetengeneza kigoda anakaribishwa kukileta, na anwani yetu chini yake. Niliandika, machozi yakinilengalenga, nikajitia nachonga penseli.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baba alisema kitabu kifuate vipimo vya watu, sentimita, kwa sababu vijana wa sasa ukiwaambia shibiri wanadhani unawatania. Vidole nilivipima kwa rula pale pale barazani. Alinipa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Upana wa kidole kimoja, sentimita mbili kasoro kidogo. Kumi, sentimita kumi na tisa. Shibiri sikuipima. Shibiri nilijua, tulifundishwa shuleni, ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na nilipotaka uhakika nikafungua kitabu cha hesabu pale dukani. Shibiri moja, sentimita ishirini na tatu. Nikaandika ishirini na tatu kitabu kizima.

Bosi wangu, mwenye duka, ni mtu wa maneno machache na roho nzuri. Alitutolea nakala mia mbili, akazibana kwa gundi, akatia jalada la kijani lenye mchoro wa nyundo na jina la Baba kwa herufi kubwa. Baba aliinusa ya kwanza. Akapitisha kidole juu ya jina lake, ingawa herufi hazikuwa na mwinuko wowote. Ndani ya wiki mbili alikuwa amekariri kurasa. Mtu akija na shida ya mlango, Baba anamkabidhi kitabu na kumwambia ukurasa wa kumi na nne, nenda salama. Nakala ziliisha. Akawa akisikia hatua getini anainua kichwa na kuuliza, "Amebeba kitu?"

Aliyebeba kitu alikuja mwezi wa tatu baada ya kitabu kutoka. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo, alitokea mji mwingine kabisa. Alikuwa amekifunga kigoda kwa khanga kama mtoto. Nilimpokea, nikamkalisha, nikamwambia Baba kimekuja. Baba alisimama. Alisimama kwa heshima, kama anayempokea mkwe.

Mwalimu alikifungua na kuomba radhi hapo hapo. Alisema kimemshinda kidogo. Amekata kila ubao kama kitabu kilivyosema, lakini mbao za kukaza zimekataa kuingia, ikabidi azigonge, na alipozigonga miguu ikatanuka na maungio yakaachama. Kinacheza. Darasani amekiwekea karatasi chini ya mguu mmoja. Alikuwa amekuja, akasema, sio kulalamika, ila kufundishwa alipokosea.

Baba alipiga magoti. Alikitikisa kigoda mara moja, kikagonga sakafu, ka-ka. Kisha akaweka vidole kati ya miguu, juu, karibu na kikalio, akahesabu. Kumi. Akashuka kwenye ubao wa kukaza, akatanua mkono wake wa kulia, akaongeza vidole viwili. Akarudi juu. Akashuka tena. Alifanya hivyo mara nne na mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai, natazama.

"Huu umezidi vidole viwili," alisema.

Mwalimu akatoa kitabu na futi kamba kwenye mkoba, akapima mbele yetu, akasoma kwa sauti. Ishirini na tatu kwenye ubao, ishirini na tatu kitabuni. Hakuwa amekosea hata unywele mmoja.

Baba aligeuza uso kunielekea, akinitafuta mahali nilipo.

"Mwanangu, uliandika nilichosema?"

"Ndiyo, Baba."

Nilijibu haraka na kwa moyo mmoja. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeandika shibiri moja kwenye daftari kwa sababu alisema shibiri moja, na shibiri moja ni sentimita ishirini na tatu. Sikuona kosa lingekuwa wapi.

"Basi nilisema vibaya," akamwambia mwalimu. "Nisamehe, mama. Umepoteza mbao zako kwa ajili ya mzee aliyesahau kazi."

Mwalimu alikataa, akasema ni jambo dogo, atapunguza hizo mbao kwa msumeno na kitakaa. Baba akatabasamu, akamuuliza habari za watoto wa darasani, akasisitiza anywe chai. Alikuwa mwenyeji mzuri kuliko siku zote. Mgeni alipoondoka, alituachia kigoda kama zawadi, Mungu ambariki, hakujua. Baba akanigeukia akasema anakwenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana.

Toka siku hiyo hakufungua redio. Watu walipokuja kumuuliza aliwaambia waende kwa fundi, yeye hana uhakika tena. Jirani mmoja alitaka kujua tu aina ya gundi, gundi tu, Baba akasema, "Usije ukaharibu kitu chako kwa kunisikiliza mimi." Alikuwa anajishika mkono wa kulia kwa wa kushoto, anautuliza mapajani, anausugua. Niliona na roho iliniuma, lakini nilijiambia uzee ndio huo, amesahau kweli, na kazi yangu ni kumfariji. Nikawa napita na vikombe vyangu vya chai kama mjinga.

Jumapili ya tatu nilikuwa namkata kucha. Tangu macho yake yaharibike nilimkata mimi kila baada ya wiki mbili. Nilimaliza mkono wa kushoto, nikashika wa kulia, gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, nikafunga mkasi. Nikawa nakung'uta kucha kwenye kiganja changu, nikaziona ni tisa.

Sijakwambia kwamba Baba hakuwa na kidole cha mwisho mkono wa kulia. Sikuficha. Sikukwambia kwa sababu ile ile iliyoniponza, kwamba nilikuwa sikioni. Msumeno wa mashine ulikichukua kabla mimi sijazaliwa. Mkono ule ndio ulionilisha, ukanifundisha kufunga kamba za viatu, ukanishika njiani kwenda shule. Kwangu mimi ule ulikuwa mkono mzima. Shibiri yake ilitoka gumba hadi kidole cha pete. Nilikimbia kuchukua rula, nikamwomba autanue. Alikunja ngumi.

"Achana nao huo," alisema.

Nilisubiri mchana alipolala kitini, nikaufungua polepole, kidole kimoja kimoja. Sentimita kumi na tisa. Kipimo chake cha vidole kumi na shibiri yake moja vilikuwa kitu kimoja, ndiyo maana kwake ubao uliingia kila siku kati ya miguu bila kugongwa. Alikuwa amesema sawasawa. Kila neno alilosema lilikuwa sawasawa.

Alipoamka nilipiga magoti pale alipopiga yeye. Nikamweleza yote bila kujitetea: kitabu cha hesabu, kikombe cha chai, kidole. Nikamwambia, "Baba, kosa ni langu. Wewe hukusahau kitu." Nilikuwa nalia, na nilijua kwamba ndani ya dakika moja atacheka, atanitukana kama anavyowatukana wasomaji, na mambo yatakwisha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipapasa kichwani, kama unavyomfanyia mtoto.

"Juzi randa ilipopotea ulisema ni wewe uliyeihamisha. Jiko lilipoachwa linawaka ukasema ni wewe. Nilipomwita shangazi yako kwa jina la marehemu mama yako, ukasema umesikia vibaya. Usinibebee na hili, mwanangu. Hili ni zito."

Na hayo yote yalikuwa kweli. Alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo mwaka ule, na mimi, kwa kudhani namsitiri, nilijitwika kila kimoja. Nilidhani hajui. Alijua kila mara, akanyamaza ili nisione aibu. Tulikuwa tunadanganyana kwa adabu, yeye na mimi, na sasa nilipoleta ukweli ulikuwa na sauti ile ile ya uongo wangu.

Nilibishana. Nikamwambia shibiri yake ni fupi. Hapo akakunja uso, akasema shibiri ni shibiri, amefanya kazi nayo miaka arobaini na hakuna mlango uliopinda. Kama kuna kilichopungua ni kichwa, si mkono. Isitoshe, alisema, mbele ya mgeni aliniuliza, nami nikajibu ndiyo. Mtu hujibu ukweli anapoulizwa ghafla. Ningemjibu nini? Nilijibu ukweli kama nilivyoujua.

Nikamleta shangazi, dada yake, mwanamke asiyepaka mtu mafuta, akamsomea daftari neno kwa neno. Baba akamshukuru. Alipoondoka akaniambia nimempanga vizuri, ila asingefaa kwa maigizo, anasoma haraka mno.

Kilichobaki ilikuwa mikono yangu. Nilichukua likizo ya siku nne. Nikachukua mbao zake, patasi yake, msumeno wake, nikatengeneza kigoda kwa daftari, nikipima kwa kijiti nilichokata sentimita kumi na tisa. Nilijikata mara mbili. Sikio langu lilijua sauti ya randa inayokula sawa, sikujua kama linajua, na ubao wa kukaza ulipoingia mahali pake kwa kusukumwa na kidole gumba tu, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nikakipiga msasa, nikakibeba hadi barazani, nikamwekea mbele ya miguu. Sikusema kitu. Niliona kigoda kitasema.

Alikipapasa juu, chini, kwenye maungio. Alikisukuma, hakikucheza. Alikikalia. Uso wake ulifunguka.

"Umekuwa fundi," alisema. "Mimi nilikwambia vibaya, na wewe ukarekebisha kwa akili yako. Sasa naweza kupumzika."

Kisha akaniomba jambo moja. Kitabu kikichapwa tena, vipimo viwe vyangu, vile vilivyokubali, na jina lake litolewe kwenye jalada. Hakutaka mtu mwingine apoteze mbao kwa sababu ya jina lake. Nilikataa. Akasema ni ombi, si amri, na akaongea taratibu sana, kwa hiyo ilikuwa mbaya kuliko amri. Nilinyamaza, na yeye akachukua kimya changu kuwa kukubali.

Aliishi miezi mitano zaidi. Hakuugua sana. Aliwasalimu watu, alikula, alikaa kwenye kigoda kile kila asubuhi na kuwaonyesha wageni: huyu binti yangu ndiye fundi wa nyumba hii. Kila aliponisifu nilitamani ardhi ipasuke. Nilijaribu mara nyingine mbili kumwambia. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, dhaifu, na nilipofungua tu mdomo akanishika mkono akasema, "Najua, mwanangu. Najua unanipenda." Akafa Alhamisi asubuhi, nimekwenda kumchemshia maji.

Toleo la pili limetoka mwaka huu. Vipimo vyote nimevipanga upya kwa sentimita kumi na tisa, na jina la Baba liko kwenye jalada, kubwa kuliko mwanzo. Neno lake sikulitii. Ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe kwamba makosa yote ya toleo la kwanza yalikuwa ya mwandishi, kwamba fundi alisema sahihi kila kipimo, na kwamba mwandishi hakuutazama mkono wa baba yake. Nimeeleza kidole, nimeeleza rula, nimetia saini. Bosi aliusoma kabla ya kuuchapa, akakohoa, akasema nimefanya jambo la utu.

Wiki iliyopita mwalimu wa chekechea alikuja kutoa pole. Safari hii alikuwa na habari: darasani kwake wana vigoda kumi na viwili, wazazi wamevitengeneza kwa toleo jipya, na vyote vimekaa sawa bila karatasi chini ya mguu. Nilimtembeza hadi getini. Hapo akanishika mabega, akaniangalia kwa macho ya upole ambayo nayafahamu sasa, na akaniambia ameusoma ule ukurasa wa kwanza darasani, mbele ya wazazi, na wengi walilia.

"Umemsitiri mzee wako vizuri," alisema. "Si watoto wote wangekubali kubeba kosa la mzazi namna hiyo."

Nilimtazama. Ningeweza kuanza upya, kikombe, kushoto, kulia, kucha tisa. Nikamwambia asante, mwalimu, na nikafunga geti.